Ratiba ya treni isiyo na tarehe inatugharimu sisi wa mbali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo kuhusu ratiba za treni zinazowekwa mtandaoni na tovuti zinazouza tiketi zake. Najua atakayeona barua imetoka Masasi, mkoani Mtwara, atajiuliza reli inatuhusu nini, maana treni iliyo karibu nasi iko Dar es Salaam, mwendo wa basi wa zaidi ya kilomita 550. Inatuhusu kwa sababu hiyo hiyo ya umbali. Mtu wa Ilala akitaka kujua treni inaondoka saa ngapi anaweza kwenda stesheni akauliza dirishani. Mtu wa Pugu anaisikia ikipita. Sisi tuna simu tu, na linalosemwa na simu ndilo tunalofungia mizigo.

Nina duka dogo la steshenari karibu na soko la Mkuti. Natoa kopi, nachapa barua, nafanya uwakala wa pesa za simu, na kwa muda sasa nawasaidia watu kukata tiketi za basi na za treni. Wanaokuja ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakati wa kufungua chuo, walimu wanaofuatilia uhamisho na madai yao, wagonjwa wenye rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, na vijana walioitwa kwenye usaili. Korosho zikilipwa vizuri wanaongezeka wazee wanaotaka kwenda kuwaona watoto wao, na wakifika huko waipande hiyo treni ya umeme, mchongoko, wanayoisikia redioni.

Huku tuliwahi kuwa na reli yetu. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikaanza kazi mwaka 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara na tawi likaletwa hadi Masasi. Karanga zilikwishashindwa mapema, reli ikakosa mzigo wa kubeba, ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Wazee wanaikumbuka. Kwa hiyo wanapozungumza habari za treni hawazungumzi kama watu wasiojua treni ni nini.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo, kwetu ilikuwa nafuu kubwa. Safari ya Dodoma ilikuwa ni basi juu ya basi. Mgonjwa wa mgongo alifika akiwa na maradhi mawili. Nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa wakati ule, shilingi 31,000 hadi Dodoma na 13,000 hadi Morogoro, ni pesa ambayo mkulima anaweza kuipanga. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu nauli, wa chini ya hapo bure. Sina ugomvi na treni. Naipenda, na nimewashawishi wengi waipande.

Shida yangu ni kinachomtangulia abiria kabla hajaiona hiyo treni.

Safari ya mtu wa Masasi inapangwa hivi. Basi linaondoka alfajiri, linapita Ndanda, linafika Mnazi Mmoja ambako barabara za Masasi, Mtwara na Lindi zinakutana, linaendelea hadi Nangurukuru, Somanga, linavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na likijaliwa linaingia Mbagala mchana umekwisha kuisha. Hapo bado kuna foleni ya mjini mpaka stesheni, na stesheni nako kuna kukaguliwa mizigo na vitambulisho kama uwanja wa ndege, kwa hiyo huwezi kutokea dakika ya mwisho ukadandia. Anayepanga safari hiyo lazima ajue saa ya treni kabla hajachagua basi, na basi analichagua siku moja au mbili kabla. Ratiba ikiwa na kosa la saa moja tu, abiria wa Kariakoo anakunywa chai akisubiri. Wa kwetu analala Dar es Salaam kwenye chumba cha kulipia, au kwenye benchi.

Nieleze lililompata binti mmoja wa kijiji cha jirani. Amesomea ualimu, akaitwa kwenye usaili Dodoma, saa mbili asubuhi awe amefika. Alifanya alivyopaswa kufanya: akatafuta kwenye simu ratiba ya treni ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, akapata ukurasa wenye picha nzuri ya treni na rangi za bendera ya taifa, akaona treni ya usiku inayomwezesha kushuka basi, kupumua kidogo na kuondoka. Akalipa kwa simu. Juu ya nauli wakamkata ada ya huduma. Akaambiwa tiketi itamfikia kwa ujumbe.

Tiketi ilimfikia akiwa ndani ya basi, wamekwisha kuipita Nangurukuru. Saa iliyoandikwa haikuwa ile aliyoilipia. Ilikuwa ya treni ya mchana, ambayo ingeondoka basi likiwa bado halijavuka Rufiji. Akapiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa. Akajibiwa kwamba ratiba ni ya wenye treni, wao ni mawakala tu, na tiketi ikishakatwa pesa hairudi. Akasema, kaka, mimi nililipia ya usiku, picha ya ukurasa wenu ninayo. Simu ikakatwa.

Aliendelea na basi hadi Mbezi, akapanda basi lingine la usiku, maana tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, vinginevyo asingefika kabisa. Alifika Dodoma alfajiri, akanawa uso stendi, akaingia kwenye usaili bila kulala tangu Masasi. Aliporudi alikuja dukani na karatasi zake akiomba nimwandikie barua ya malalamiko. Nikawasha kompyuta. Tukamkosa wa kumwandikia. Ukurasa ule hauna jina la kampuni, hauna sanduku la posta, hauna mtaa. Ile namba ikawa haipatikani. Nauli imekwenda, ada ya huduma imekwenda, nauli ya basi la pili imekwenda, na hakuna mlango wa kubisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikizifuatilia kurasa hizi ninapopata nafasi, na nilichokiona kinanikera. Ukitafuta ratiba ya SGR unaletewa kurasa nyingi ambazo haziendeshwi na wenye treni. Nyingine ni za watu wanaotafuta watazamaji wa matangazo tu. Kichwa cha habari kinaandikwa mwaka mpya, lakini ukisoma ndani unakuta saa na nauli za siku za mwanzo za huduma, kabla hazijaongezwa safari nyingine, kabla ya treni za haraka zisizosimama kila kituo. Mwaka wa kichwani unabadilishwa, jedwali linabaki lile lile. Kwingine ukurasa mmoja umenakili mwingine mpaka makosa ya tahajia. Msomaji akiona kurasa nne zinasema saa moja ile ile anaamini imethibitishwa, kumbe ni kosa moja limerudiwa mara nne.

Hata mahali pa kupandia hapasemwi sawasawa. Ukurasa unaandika "Dar es Salaam" basi. Dar es Salaam ipi? Treni za SGR zinaanzia katikati ya jiji. Za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zinazokwenda Ifakara, Mlimba, Mbeya hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia, zina stesheni yake kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Mgeni aliyeshuka Mbagala na mabegi mawili na mtoto mgongoni akipelekwa na bodaboda stesheni isiyo yake, treni imemwacha. Mwenyeji anaweza kuona hilo ni dogo. Nimeongea kwa simu na mama aliyekuwa amesimama stesheni isiyo yake, analia, na nilichoweza kumsaidia kutoka Masasi ni kumwambia atafute bajaji.

Na saa nazo zinaandikwa kizungu. Mzee mmoja aliletewa tiketi na mjukuu wake kwenye simu, imeandikwa 06:00. Akaja kuniuliza, "Mwanangu, hii saa sita ni ya mchana au ya usiku?" Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamweleza kwamba ni saa 12 asubuhi. Angekwenda stesheni saa sita mchana akiwa na uhakika kamili, na nani angemlaumu? Tiketi inayotoka dukani kwangu naiandika kwa kalamu pembeni: saa 12 kamili asubuhi, uwe umefika kabla ya adhana ya alfajiri. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na tovuti yenyewe. Kuandika saa zote mbili, ya tarakimu na ya Kiswahili, hakuongezi gharama.

Sipingi ratiba kubadilika. Huduma ikiwa changa lazima ijaribiwe: treni zinaongezwa, nyingine zinasogezwa, vituo vinafunguliwa, na njia nayo inatengenezwa. Ninachokataa ni ratiba isiyosema imeanza kutumika lini na itakoma lini. Ulaya nchi nyingi zimekubaliana kwamba ratiba kuu ya treni inabadilika mara moja kwa mwaka, katikati ya Desemba, na kila mtu anaijua siku hiyo. Mabadiliko madogo ya katikati ya mwaka nayo yanatangazwa na tarehe yake. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria robo ya nauli treni ikichelewa saa moja, na nusu ikichelewa saa mbili, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. India, ambako tiketi za treni zimeuzwa mtandaoni tangu 2002, aliyekata mtandaoni akawekwa kwenye orodha ya kusubiri na kiti kisipopatikana anarudishiwa pesa yake pale pale alikolipia, bila kuandika barua. Tusiseme hao wako mbali na wana uwezo. Kenya hapa jirani, abiria wa treni ya Madaraka Express wamekuwa wakikata tiketi kwa kubonyeza *639# hata kwa simu ya kitochi isiyo na intaneti. Kwa mtu wa Newala au Liwale simu ya kitochi ndiyo simu. Naomba ratiba yenyewe, achilia mbali tiketi, iweze kusomwa kwa kubonyeza nyota na namba, na jibu lianze na tarehe.

Tumekwisha kuona jambo kama hilo likiwezekana kwenye korosho. Tangu msimu wa 2024 korosho zetu zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa. Mkulima aliyekaa chini ya mwembe anajua mnada ni wa siku gani, tani ngapi ziko ghala gani, bei ya juu ni ipi na ya chini ni ipi. Asipoiafiki bei anasema hapo hapo. Wanunuzi wanajulikana. Sasa kama tani za korosho zinaweza kuwekwa mtandaoni na tarehe, mahali na jina la anayehusika, treni moja ya abiria inashindikanaje?

Kwa hiyo naelekeza ombi langu kwa LATRA, maana ndiyo iliyopewa usimamizi wa usafiri wa ardhini, reli ikiwemo, na tayari imesimamia tiketi mtandao za mabasi. Yeyote anayeuza tiketi ya treni kwa niaba ya mwingine aandikishwe, na namba ya usajili wake ionekane juu kabisa ya ukurasa pamoja na jina, ofisi na simu inayopokelewa. Akichukua pesa kwa saa aliyoionyesha yeye, saa hiyo ni ahadi yake. Ikigeuka kabla hajatoa tiketi, amuulize mteja kwanza. Mteja akikataa, pesa yote irudi kwenye laini iliyolipia, ada ya huduma ikiwemo. Haiwezekani wakala awe wakala siku ya kupokea na mtu baki siku ya kujibu. Nalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa usafiri wa ardhini tungependa tulione likifika Masasi na Nachingwea kusikiliza, maana wengi huku hawajui kama lipo.

Wenye treni nao nawaomba kitu kimoja tu: ukurasa mmoja wa ratiba, wa Kiswahili, mwepesi kufunguka kwenye mtandao dhaifu, ulioandikwa juu "inatumika kuanzia tarehe fulani", na ratiba ya zamani iondolewe au ipigwe mstari mwekundu. Anwani yake itangazwe redioni mpaka watoto waikariri. Anwani za taasisi za serikali tumezoea kuziona zikiishia na go.tz, ambayo haigawiwi kwa mtu binafsi. Ya shirika letu la reli imekuwa ikiishia na co.tz, sawa na ya duka lolote lililosajiliwa. Si kosa kisheria, lakini kwa mtu anayejaribu kutofautisha ukurasa halali na wa kubuni ingemsaidia sana kuwa na alama moja asiyoweza kuikosea.

Karatasi pia isidharauliwe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima mtandao ulizorota. Mwezi huo huo mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam. Siku kama hizo ratiba ya kwenye simu haina faida. Bango moja lililochapishwa, lenye tarehe na muhuri, kwenye ofisi ya posta na kwenye stendi za Masasi, Mtwara na Lindi lingetufaa. Na mabadiliko yakitokea, nakala mpya inakuja na basi la usiku kama magazeti yanavyokuja.

Kuna jambo la vitambulisho ambalo linanitia hofu zaidi ya nauli. Kukata tiketi ya treni kunataka jina na namba ya kitambulisho. Kurasa hizi zisizo na mwenyewe zinazikusanya: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, jina kamili, na siku ambayo mtu hatakuwa nyumbani kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake imekwisha kuzinduliwa. Naomba tume hiyo iziangalie kurasa za tiketi kabla hatujaanza kusikia mikopo imechukuliwa kwa majina ya watu waliotaka tu kwenda kuwaona wajukuu.

Wasomaji wenzangu wa Kusini, wakati tunasubiri hayo, fanyeni haya ninayowafanyia wateja wangu. Kabla ya kuweka namba ya siri, someni jina la anayelipwa linalotokea kwenye simu. Malipo halali ya taasisi huja na kontroo namba na jina la taasisi. Likitokea jina la mtu binafsi, acheni, na ujumbe wake mpelekeeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Pigeni picha ukurasa wa ratiba mliolipia, tarehe ya simu ionekane. Na basi la Dar es Salaam msilikatie tiketi mpaka tiketi ya treni iwe mkononi na muwe mmesoma saa yake kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Ni usumbufu, najua. Mzee wa miaka sabini hapaswi kuwa mpelelezi ili apande treni ya nchi yake.

Nasema haya mapema kwa sababu reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, imo kwenye mipango ya serikali. Ikijengwa tutakuwa na stesheni zetu wenyewe. Tungependa siku hiyo tukute utaratibu wa ratiba na tiketi umekwisha kunyooshwa na wanaoutumia leo, badala ya kuanza kuibiana upya huku.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha kopi za kurasa nilizozitaja, zikiwa na anwani zake na siku nilizozichapa, pamoja na tiketi ya binti yule. Jina lake na namba zake nimeziziba. Malipo yake yalipokelewa na laini ya simu ambayo namba yake inasomeka kwenye kopi ya mwisho. Nakuomba, Mhariri, ukiona inafaa, mpelekee ofisa wa LATRA au wa TCRA atakayekubali kuifuatilia, nami nitampa binti taarifa dukani.

Mwenye duka la steshenari,
Mkuti, Masasi,
Mtwara.